Kusimamisha Mlingoti wa Antena Mombasa na Kuukinga na Chumvi, Upepo na Radi

Ukimuuliza mtu ni nini kitakachouangusha mlingoti wa antena, aghalabu atakujibu kuwa ni radi. Jibu hilo lina uzito Kisumu au Kisii, ambako ngurumo ni jambo la kawaida. Mombasa, hata hivyo, mara nyingi chumvi huwa imekwisha kula bolti, vibano na nyaya kwa miaka kadhaa pasi na mtu kukagua, kisha kusi ya Juni huja kumalizia. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kusimamisha mlingoti wa mita 9 wa redio ya ridhaa, yaani redio ya mtu binafsi mwenye leseni asiyeitumia kwa biashara, na shabaha yake kuu ni kwamba mlingoti huo uweze kulazwa chini, ukaoshwa, ukakaguliwa na kuinuliwa tena katika asubuhi moja, bila mtu yeyote kuupanda.

Hatua ya kwanza: ruhusa

Leseni ya redio ya ridhaa hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya mwaka 1998, na bila leseni hiyo antena haina kazi ya halali ya kurusha mawimbi. Urefu wa mlingoti ni suala jingine. Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi umo ndani ya jiji, hivyo anayeishi Changamwe, Chaani, Port Reitz au Mikindani apeleke vipimo vya mlingoti wake kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya kabla ya kununua hata bolti moja, na aliye mbali zaidi pia aulize. Idara ya mipango ya Kaunti ya Mombasa ndiyo inayohusika na ujenzi wenyewe. Katika Mji wa Kale, ambao ni eneo la hifadhi, usitoboe ukuta wala usipandishe chochote juu ya paa kabla ya kuzungumza na ofisi ya hifadhi iliyo chini ya Makavazi ya Kitaifa.

Liko jambo moja la hapa kwetu ambalo vitabu vya kigeni havilitaji. Wakazi wengi wa Mombasa wanamiliki nyumba lakini ardhi iliyo chini yake ni ya mtu mwingine. Ikiwa hali yako ni hiyo, ruhusa ya kuchimba msingi wa zege utaipata kwa mwenye ardhi, na ni vyema iandikwe. Mlingoti uliofungwa kwenye ukuta wa nyumba yako hauna utata huo.

Hatua ya pili: amua kimo kwa hesabu

Kimo hutegemea unataka kuzungumza na nani. Nairobi iko takriban kilomita 440 kutoka Mombasa kwa mstari ulionyooka, na kwa umbali huo dipoli (antena ya waya yenye mikono miwili iliyo sawa, inayounganishwa na kebo katikati) ya bendi ya mita 40, yaani urefu wa wimbi lake, iliyotundikwa mita 6 hadi 9 juu ya ardhi inatosha kabisa wakati wa mchana, kwa kuwa hurusha nguvu zake nyingi kuelekea juu, nazo hurudishwa na ionosfera, tabaka la juu la hewa lenye chaji za umeme, na kuangukia eneo la mamia ya kilomita kuzunguka kituo. Kwa anayetafuta India, Ulaya au Amerika ya Kusini katika bendi ya mita 20, mita 10 ni nusu ya urefu wa wimbi, na hapo dipoli huanza kutoa pembe ya chini inayofaa masafa marefu. Ni kwenye mawimbi mafupi zaidi, kama vile bendi ya megahezi 144 hadi 146, ndipo kila mita ya ziada inapolipa, kwa sababu mawimbi hayo husafiri kwa mstari ulionyooka karibu na upeo wa macho.

Kisha ploti yako nayo ina usemi. Ploti ya futi 50 kwa 100 ina upana wa mita 15 na kidogo. Nyaya za kushikilia mlingoti zinapaswa kutia nanga kwa umbali wa takriban asilimia 70 ya kimo zinapofungwa. Zikisogezwa karibu zaidi, mvuto ndani ya waya huongezeka na mlingoti hukandamizwa kuelekea chini. Mlingoti wa mita 9 ulioshikwa kwenye mita 8.5 unahitaji nanga mita 6 kutoka kitakoni, yaani mita 12 kutoka nanga hadi nanga, na unaenea ndani ya ploti. Wa mita 12 utahitaji takriban mita 16 na nusu, na nanga yako itakuwa kwa jirani. Ndiyo maana nimechagua mita 9, na sioni sababu ya mkazi wa kawaida wa Tudor au Kisauni kwenda juu ya hapo.

Hatua ya tatu: mahali

Waya wa stima hautaki mjadala. Umbali kutoka kitako cha mlingoti hadi waya wowote wa stima, ukiwamo ule unaotoka nguzoni kuingia nyumbani kwako au kwa jirani, usipungue mara moja na nusu ya kimo cha mlingoti pamoja na antena iliyo juu yake. Kwa mlingoti wa mita 9 wenye antena inayozidi kwa mita 1.5, hiyo ni karibu mita 16. Pasipopatikana nafasi hiyo, punguza mlingoti au hamia upande mwingine wa ploti, na pima pia mahali ncha za antena zitakapoangukia endapo kamba itakatika.

Paa la makuti linahitaji tahadhari ya pekee. Ncha za dipoli hubeba volti nyingi wakati wa kurusha, mamia kadhaa hata kwa redio ya wati 100, na makuti makavu ya mwezi wa Februari hayahitaji kushawishiwa kushika moto. Weka ncha hizo mita kadhaa kutoka kwenye makuti.

Mnazi ni nguzo nzuri ya bure kwa ncha ya dipoli, lakini usiupigilie msumari. Shina la mnazi haliponi jeraha kama miti mingine: tundu linalotobolewa leo litabaki tundu maisha yote ya mti, na wadudu na maji yatapitia hapo. Mwombe mkwezi afunge mkanda mpana kulizunguka shina, aning'inize kapi juu yake, na upitishe kamba kwenye kapi hilo huku ncha ya chini ikifungwa mzigo wa kilo chache unaoning'inia huru. Mnazi ukiyumba kwa upepo, mzigo utapanda na kushuka, nao waya wa antena hautakatika.

Hatua ya nne: msingi na nanga

Sehemu kubwa ya Mombasa imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na aliyezoea kuchimba udongo mwekundu wa bara atashangaa sururu inavyorudi mkononi. Pale udongo unapopatikana, chimba mashimo ya nanga yenye sentimita 60 kila upande na kina cha sentimita 90. Shimo kama hilo likijazwa zege huwa na uzito wa takriban kilo 780, kiasi kinachozidi kwa mbali mvuto wa nyaya za mlingoti huu. Pale unapokuta mwamba mzima, usiuvunje. Toboa tundu refu la mshazari ndani yake, safisha vumbi lote, kisha simika nondo yenye jicho kwa saruji isiyo na kokoto.

Zege liwe la sehemu moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto. Mchanga wa ufuo usiutumie kamwe, hata kama upo hatua chache kutoka mlangoni, wala usichanganye zege kwa maji ya kisima yenye chumvi: chumvi hiyo itabaki ndani ya zege na kuozesha nondo kutoka ndani, hadi zege lenyewe lipasuke. Nondo zifunikwe na zege lisilopungua sentimita 5 kila upande. Mwagilia msingi kwa maji ya mfereji kwa siku 7, na ukiweza usiutwike mzigo kamili kabla ya siku 28. Uso wa juu upewe mteremko ili maji yasituame kwenye kitako cha chuma.

Kabla ya kumimina zege, unganisha nondo za msingi na kipande cha chuma kitakachotokeza nje kwa ajili ya athi, yaani njia ya kupeleka umeme ardhini. Zege hunyonya unyevu na kupitisha umeme kuliko mwamba mkavu, jambo lililothibitishwa na mhandisi Herbert Ufer alipokuwa akitafuta athi ya kukinga maghala ya mabomu katika jangwa la Arizona wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Matumbawe makavu ni jangwa la aina yake, na kipande hicho cha nondo hakikugharimu kitu.

Hatua ya tano: chuma, na jinsi chumvi inavyokila

Hapa ndipo pesa zako zinapostahili kwenda. Chumvi inayoletwa na upepo wa bahari hutua juu ya chuma, huvuta unyevu wa hewa usiku, na kugeuka maji yanayopitisha umeme. Metali mbili tofauti zinapogusana ndani ya maji hayo, mojawapo huliwa ili kuilinda nyingine. Shaba ikigusa alumini, alumini ndiyo inayoliwa. Shaba ikigusa bomba lililopakwa zinki, zinki huondoka kwanza kisha chuma kikafuata. Kwa hiyo usifunge waya wa shaba moja kwa moja kwenye bomba la alumini wala kwenye mlingoti. Tia washa ya chuma kisichoshika kutu katikati, au tumia shaba iliyopakwa bati, halafu paka grisi ya viungo vya umeme.

Kwa mlingoti, nunua bomba la GI la inchi 2 lililochovywa ndani ya zinki ya moto. Lile lililopakwa zinki nyembamba linang'aa zaidi dukani, lakini Nyali au Bamburi, karibu na ufuo, michirizi ya hudhurungi huanza kuteremka kutoka kwenye bolti zake kabla mwaka haujaisha. Bomba huuzwa kwa urefu wa mita 6, na mafundi wengi watataka kukuunganishia kipande cha pili kwa soketi ya maji. Kataa. Kukata uzi wa soketi kunapunguza unene wa bomba na kuondoa zinki mahali hasa panapobeba mpindo mkubwa. Tumia kipande cha bomba jembamba zaidi, cha sentimita 60, kiingie ndani ya yale mawili, kisha kifungwe kwa bolti zinazopita upande hadi upande. Matundu yote yatobolewe na bawaba ya kitako ichomelewe mapema, kwa kuwa moto wa kuchomelea huunguza zinki. Pale ilipoungua, sugua kwa brashi ya waya hadi chuma kiwe cheupe, halafu paka rangi yenye zinki nyingi tabaka mbili au tatu.

Bolti na vibano vidogo viwe vya chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316, si la 304, kwani 316 ina molibdenamu inayokisaidia kuhimili chumvi. Nati za aina hii zina tabia ya kung'ang'ana na bolti zake zikikazwa kavu, na huenda usizifungue tena bila msumeno, kwa hiyo zipake grisi kila mara. Mdomo wa juu wa bomba uzibwe, na chini kabisa kuwe na tundu la kutolea maji, maana kutu nyingi huanzia ndani ambako jicho halifiki.

Hatua ya sita: nyaya za kushikilia

Mlingoti uliosimama daima unaweza kushikwa pande tatu. Huu unaolazwa unahitaji pande nne, na mpangilio wake ndio siri ya kazi nzima: nanga mbili za ubavuni lazima ziwe kwenye mstari mmoja na mhimili wa bawaba, na kwa kimo kilekile. Zikiwa hivyo, nyaya za ubavuni hubaki na mkazo uleule mlingoti unapopanda na kushuka. Nanga moja ikiwa juu zaidi au ikisogea mbele, waya wake utalegea katikati ya safari au utakaza hadi ukatike, na mlingoti utaelekea upande usioutaka.

Funga nyaya kwenye mita 8.5 na mita 4.5. Kwa nanga zilizo mita 6, waya wa juu utakuwa na mita 10.4 na wa kati mita 7.5, hivyo kwa pande nne mita 80 zinatosha pamoja na mikunjo ya ncha. Kila ncha ikunjwe kuzunguka kitanzi cha chuma na kubanwa kwa vibano vitatu, vyote vikielekea upande mmoja: tandiko la kibano likae juu ya waya unaobeba mzigo, na bolti yake yenye umbo la U ikae juu ya ncha fupi. Vikigeuzwa, bolti itaubana na kuukata waya wenyewe unaotegemewa. Skrubu za kukazia upande wa chini zipitishiwe waya mwembamba wa kuzizuia zisijifungue kwa mtikisiko. Mkazo wa awali uwe karibu asilimia 10 ya nguvu ya kukatika kwa waya.

Kuhusu upepo, kumbuka kwamba shinikizo lake huongezeka mara nne kasi inapoongezeka mara mbili. Upepo wa mita 20 kwa sekunde hukandamiza kila mita ya mraba kwa takriban kilo 25, na wa mita 40 kwa kilo 100. Vimbunga huwa nadra hapa kwa sababu tuko karibu na ikweta, lakini Kimbunga Hidaya kilichotua Mafia, Tanzania, Mei 2024 kilituonyesha kuwa nadra si kamwe.

Hatua ya saba: antena na kebo

Urefu wa dipoli kwa mita ni 143 ukigawanywa kwa megahezi: mita 20.1 kwa 7.1 (bendi ya mita 40), na mita 10.1 kwa 14.2 (bendi ya mita 20). Kata ikiwa ndefu kidogo, pima SWR (kipimo cha nguvu zinazorudishwa na antena badala ya kurushwa; ikiwa ndogo ndiyo bora), kisha punguza pande zote mbili kwa usawa.

Kebo ya koaksia, inayounganisha antena na redio, iwe yenye ganda jeusi linalostahimili jua. Kiunganishi cha PL-259 hakizuii maji hata kidogo, hivyo kizungushie utepe wa raba unaoshikana wenyewe, na juu yake utepe wa kawaida wa plastiki, ukianzia chini na kwenda juu, kama fundi anavyoezeka makuti kuanzia upenuni, ili kila tabaka limwage maji juu ya lile la chini yake. Kabla ya kuingia ndani ya nyumba, kebo ishuke chini ya tundu la ukuta kisha ipande tena, ili maji ya mvua yadondokee nje. Vifungo vyeupe vya plastiki hukatika upesi juani, basi tumia vyeusi. Kamba za plastiki za rangi ya buluu au kijani zinazouzwa kwa wavuvi ni za bei nafuu, lakini jua huzigeuza unga. Kamba ya poliesta hudumu zaidi na hairefuki inapolowa.

Hatua ya nane: athi na radi

Radi hazipigi hapa kama kanda ya Ziwa, lakini masika na vuli haziji mikono mitupu. Katika mwamba wa matumbawe fito ya athi ya mita 2.4 haishuki kwa nyundo, na kuikata nusu ili ionekane imezama ni kujidanganya. Badala yake chimba mitaro ya kina cha nusu mita kutoka kitako cha mlingoti kuelekea pande tatu au nne, kila mmoja usiozidi mita 15 au 20, na ulaze ndani yake utepe wa shaba. Mitaro kadhaa mifupi hufaa kuliko mmoja mrefu, kwa kuwa mkondo wa radi hupanda ghafla mno na sehemu za mbali za waya mrefu hazipati nafasi ya kusaidia. Unganisha mitaro hiyo na kile kipande cha nondo za msingi kwa vibano vya metali zinazopatana.

Athi ya mlingoti, ya redio na ya stima ya nyumba lazima ziwe kitu kimoja. Zikiachwa mbalimbali, radi ikipiga jirani tu, ardhi ya kila moja huwa na volti yake, na tofauti hiyo hupita ndani ya redio. Kazi ya kuunganisha na athi ya nyumba mpe fundi wa stima mwenye leseni. Waya wa athi unyooke, na pale unapopinda upinde kwa duara pana. Kebo ya antena ipite kwenye bamba la shaba au chuma kisichoshika kutu lililofungwa nje ya ukuta, lenye kikinga radi cha koaksia, na bamba hilo liunganishwe na athi hiyohiyo. Usipotumia redio, ifungue kebo hapo nje. Kuichomoa na kuiacha ikining'inia nyuma ya meza kunaileta radi hadi chumbani.

Hatua ya tisa: kuinua

Chagua asubuhi tulivu ya maleleji, kabla upepo wa baharini haujaanza. Simika nguzo ya kuinulia ya mita 3 hadi 4 kwenye bawaba, kwa pembe ya mraba na mlingoti, na upitishe juu yake waya wa upande wa nne kuelekea winchi ya mkono iliyofungwa kwenye nanga. Nyaya za ubavuni na za nyuma ziwe zimefungwa tayari kwa urefu uliopimwa, ili mlingoti usipitilize kufika wima na kuangukia upande wa winchi. Mvuto mkubwa kuliko wote hutokea mwanzoni, mlingoti ukiwa bado umelala. Kwa hiyo inua mita moja, simama, kagua kila kibano na kila nanga, ndipo uendelee. Mtu mmoja tu atoe amri, wawili watazame ubavuni, na wengine wote, watoto hasa, wakae nje ya mita 12 kutoka kitakoni.

Hatua ya kumi: matunzo

Laza mlingoti mara mbili kwa mwaka: Machi, kabla ya masika, na Oktoba, kusi inapokuwa imetulia na kuacha chumvi yake kila mahali. Osha nyaya, vihami (vipande visivyopitisha umeme vinavyoshikilia waya wa antena) na viunganishi kwa maji ya mvua au ya mfereji, maana maji ya visima vingi vya kisiwani yatarudisha chumvi ileile uliyokuja kuiondoa. Kihami kilichopakwa chumvi huvujisha umeme wakati wa umande, na dalili yake ni SWR inayopanda alfajiri na kushuka jua likishatoka. Ukiona hivyo, osha kabla ya kulaumu redio. Pitisha kitambaa kikavu kwenye kila waya: uzi mmoja uliokatika utakinasa, na waya huo ubadilishwe wote. Fungua bolti moja ya kiungo, moja tofauti kila mara, utazame upande usioonekana. Waya wa athi ulio juu ya ardhi nao uangaliwe, kwa kuwa wanunuzi wa shaba chakavu wapo, na mwizi hatakuarifu.

Kunguru nao wahesabiwe. Wale wa Kihindi waliojaa mjini hujengea viota vyao vipande vya waya, na kiota kimoja katikati ya dipoli kinatosha kuunganisha pande mbili zisizopaswa kugusana. Kiondoe kingali vijiti vichache, kabla ya mayai.

Idara ya Hali ya Hewa ikitangaza upepo mkali baharini, fungua kebo na ulaze mlingoti siku moja kabla, si upepo ukishaanza, kwani winchi haimzuii mlingoti unaosukumwa kutoka ubavuni. Ukiwa umelala, ufunge kwenye vigingi viwili na ushushe pia kamba ya mnazini.